Usifute Doa, Panda Paani



Neno la leo ni refu, kwa hivyo tafuta mahali ukae. Kama uko kwenye matatu, soma polepole mpaka ushuke. Kuna jambo nimelibeba tangu Oktoba, na Roho Mtakatifu hajanipa usingizi mpaka niliseme mbele yenu. Baadhi yenu mtashangaa. Wengine huenda mkakasirika. Wote nawapenda.

Mnakumbuka nilienda Marekani wiki tatu. Niliporudi niliwaonyesha picha za makanisa tuliyohudumu, mkashangilia, mkampigia Bwana makofi. Lakini kuna picha moja sikuwaonyesha. Ni picha ya doa. Doa la rangi ya chai, ukubwa wa sahani, kwenye dari ya gari.

Niwaeleze.

Wale mliokuwa nasi siku za turubai mnamkumbuka yule mzee Mzungu aliyekuja na mkewe kutusaidia kuezeka kanisa. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mapaa. Mnakumbuka alivyopanda juu na jua lile la Februari, akapitisha kiganja chake kwenye kila msumari, mmoja baada ya mwingine, akitafuta palipoachwa wazi. Vijana wetu walichoka, wakaketi chini ya mwembe. Yeye hakuketi. Alituambia, "Maji hayana haraka. Yana subira kuliko fundi." Paa hilo halijawahi kuvuja hadi leo.

Baada ya kustaafu, mzee huyo na mkewe waliuza nyumba yao, wakawagawia watoto vyombo, wakahamia kwenye gari. Si gari kama tunavyojua sisi. Wenyewe huliita motohomu. Ni kama basi la kwenda Mombasa, urefu wa futi 40, injini ya dizeli iko nyuma, breki ni za hewa. Ndani kuna kitanda, jikoni, bafu, choo, na kochi la wageni ambalo ndilo nililolalia mimi. Likiegeshwa, unabonyeza kitufe na ukuta mmoja unasukumwa nje, sebule inapanuka. Nyuma huvuta gari dogo la kwendea sokoni.

Wako maelfu ya watu wanaoishi hivyo mwaka mzima, wengi wao wazee. Baridi ikikaribia wanashuka kusini, Texas, Florida, Arizona. Joto likizidi wanapanda kaskazini. Kwa sababu sheria inataka kila mtu awe na anwani, wengi huandikisha makao yao Texas, Florida au South Dakota, majimbo ambayo hayatozi kodi ya jimbo kwenye mapato, na barua zao hupokelewa huko na kutumwa walipo.

Nilipoona maisha hayo siku ya kwanza, mhubiri ndani yangu aliamka. Nikasema, huyu ni Abrahamu kabisa! Waebrania 11 inatueleza jinsi alivyokaa kwenye mahema kama mgeni, akiungoja mji ambao Mungu mwenyewe ndiye mjenzi wake. Nikaanza kuandika mahubiri kichwani. Sisi ni wapitaji! Tusijifunge na mali! Amina ningepata nyingi.

Lakini Bwana alikuwa na mahubiri mengine, na mhubiriwa nilikuwa mimi.

Ilikuwa wakati wa kupeleka gari servisi. Tulienda kaunti ya Elkhart, jimbo la Indiana. Huko ndiko sehemu kubwa ya magari haya hutengenezwa. Mji wa Elkhart una hata jumba la makumbusho yake. Jambo lililonichekesha ni kwamba mafundi wengi katika viwanda hivyo ni Waamishi, Wakristo ambao kwa imani yao hawamiliki magari. Jioni unawaona wakipita kando ya barabara kwenye mikokoteni inayovutwa na farasi. Mtu anajenga gari la thamani kuliko nyumba yake, kisha anarudi kwake kwa farasi na moyo wake umetulia. Hilo nitalihubiri siku nyingine.

Kando ya karakana kuna uwanja wenye nguzo za stima. Watu huegesha hapo, huchomeka waya, hulala ndani ya magari yao wakingoja zamu. Jioni ni kama kijiji. Huyu anapika pilipili na maharagwe, yule anatembeza mbwa, wote wanaulizana, "Lako lina shida gani?" Saa kumi na mbili asubuhi fundi anagonga mlango, anachukua ufunguo, anaondoka na gari. Ndugu zangu, mmewahi kuona nyumba yenu ikiondoka na kitanda chenu ndani? Unabaki umesimama kwenye baridi na mkoba na kikombe cha chai.

Nilishangaa kuona ni mangapi hukaguliwa. Oili ya injini na kichujio chake. Vichujio vya dizeli, pamoja na kile kinachotenga maji. Kichujio cha kukausha hewa ya breki, maana unyevu ukiingia kwenye mabomba, siku ya barafu breki zinaweza kugoma. Grisi chini ya gari. Betri za nyumba, ambazo si zile za kuwashia injini. Jenereta, ambayo hata kama huihitaji inafaa kuwashwa kila mwezi ikiwa na mzigo, kwa sababu jenereta huharibika kwa kukaa bure. Matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na lile la choo.

Kijana fundi aliniita kwenye tairi. "Pastor, hili ni zuri ama ni baya?" Nikatazama. Mifereji yake ilikuwa mirefu kama ya tairi jipya. Nikasema ni zuri. Akanionyesha tarakimu nne ubavuni, 3516. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016. Akavuta mpira kidogo, nikaona nyufa ndogo kama za kisigino kilichokauka. Akasema magari haya husimama sana, kwa hivyo tairi huzeeka kwa jua na miaka kabla halijaisha kwa barabara. Kwa macho ni jipya. Kwa kasi ya barabara kuu linaweza kupasuka.

Nikaandika hilo pia kwenye daftari la mahubiri. Bado nilikuwa nadhani ni la kuwahubiria ninyi.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, fundi alimwita mzee. "Njoo uone kitu." Nikaenda naye. Walikuwa wamebandua kipande cha dari juu ya kiti cha dereva, pale kwenye lile doa. Fundi akagusa mbao iliyokuwa nyuma yake. Kidole chake kikaingia kama kwenye avokado iliyoiva. Maji yalikuwa yameingia kwenye kiungo cha paa, mahali ambapo gundi ya kuziba ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama ukingo wa ukucha, yakashuka ndani ya ukuta, yakala mbao kutoka ndani. Kwa nje gari lilikuwa linang'aa.

Fundi akamuuliza kwa upole, "Doa hili umelijua tangu lini?"

Mzee alinyamaza. Kisha akasema, "Miezi kumi na minne."

Miezi kumi na minne! Kumbe kila lilipotokea, alingoja mkewe aende sokoni, akalifuta kwa dawa ya madoa, akalipaka rangi nyeupe kwa brashi ndogo. Likakaa wiki kadhaa, mvua ikanyesha, likarudi. Akalifuta tena.

Nikamuuliza tulipobaki wawili, "Mzee wangu, wewe ndiye uliyepapasa kila msumari wa paa letu. Kwa nini hukupanda?"

Akatazama chini. "Magoti, Pastor. Siwezi tena ile ngazi ya nyuma ya gari. Nimepanda mapaa miaka 40. Ningemwambia nani kwamba nimeshindwa na ngazi ya gari langu mwenyewe?"

Gundi ya kuziba ufa ule bei yake haifiki chakula cha jioni cha watu wawili. Matengenezo yalikuwa zaidi ya dola 9,000. Kampuni ya bima ilisema maji yaliyoingia polepole kwa kukosa kutunza paa si ajali, hawalipi. Na pesa hizo zilikuwa akiba yao ya siku watakayoacha barabara, wakodi nyumba ndogo karibu na binti yao. Kila anayeishi hivyo anajua siku hiyo inakuja. Sasa akiba imeliwa na ufa.

Mkewe alipoambiwa hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye kiti cha chumba cha kungojea, mikono mapajani, akasema, "Si pesa inayoniuma. Umelala kando yangu miezi kumi na minne, doa liko juu ya vichwa vyetu, ukaniacha niambiwe na kijana wa spana."

Wapendwa, maneno hayo hayakuwa yangu, lakini yalinichoma mimi. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Jioni hiyo yule mama, ambaye alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, alitoa mashine ya kupima presha. Alikuwa na wasiwasi juu ya mumewe. Akampima, akaridhika. Kisha akanigeukia. "Na wewe Pastor, lete mkono."

Nikacheka. Nikasema mimi ni mzima kwa jina la Yesu. Akasema, "Amina. Lete mkono."

Mashine ikavuma, ikaachilia. 178 kwa 112.

Alinitazama muda mrefu. Halafu akauliza swali lile lile la fundi. "Umelijua tangu lini?"

Watu wa Mungu, nikamjibu. Miaka miwili.

Sasa ndiyo naungama mbele yenu. Mnakumbuka ile kambi ya matibabu ya bure tuliyofanya kanisani. Mimi nilikuwa wa kwanza kupimwa, ili niwatie moyo. Daktari alinivuta kando akaniambia presha yangu iko juu, akanipa kadi ya kliniki na dawa za mwezi mmoja. Nilizimeza zikaisha. Sikurudi. Niliogopa kuonekana nimekaa kwenye benchi ya kliniki na washirika wangu. Niliogopa mtu wa duka la dawa, maana naye ni wa kwetu. Kichwa kiliponigonga nilimeza tembe za maumivu nikapanda madhabahuni. Nilikuwa nafuta doa.

Na nilifanya baya zaidi. Nilisimama mbele yenu nikashuhudia kwamba Bwana ameniponya presha. Sikuwa nimepimwa tena. Nilijisikia vizuri tu, nikaita hisia hiyo ushuhuda. Sikuwaambia mtupe dawa zenu. Lakini pia sikuwaambia msizitupe.

Kuna mama katikati yetu aliyesikia ushuhuda ule, akaacha dawa zake kwa imani. Wengi mnamjua, na mnajua upande wake wa kulia haufanyi kazi tangu Pasaka. Niliporudi kutoka safari, nyumba ya kwanza niliyoenda ni yake. Nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamwambia ukweli. Alilia, nami nikalia. Alinisamehe kwa mdomo ambao sasa hutamka maneno kwa shida. Ni yeye aliyesema, "Mchungaji, waambie." Ndiyo maana mnasoma haya leo.

Lakini nirudi kwa usiku ule. Nilimpigia Mama Mchungaji. Kule ilikuwa saa tatu usiku, nyumbani saa kumi alfajiri, na nilijua ameshaamka kwa maombi. Nikamwambia yote. Nilingoja kelele.

Akasema, "Baba, kadi ya kliniki niliiona kwenye Biblia yako ya zamani mwaka jana. Nimekuwa nikifunga na kuomba uniambie mwenyewe."

Nilikosa neno. Mke wangu amekuwa akilala chini ya doa langu, akilijua, akingoja.

Kesho yake yule mzee, na huzuni yake yote, ndiye aliyeniendesha mpaka kliniki. Tulikaa kwenye benchi wawili, fundi wa mapaa asiyeweza kupanda na mhubiri wa uponyaji anayengoja dawa. Aliniambia amezungumza na mkewe usiku kucha. Wamekubaliana kwamba paa litakaguliwa kila baada ya miezi mitatu, na atakayepanda ni mtu wa kulipwa, naye mama atasimama chini aulize maswali. Na wakimaliza majira mawili ya baridi watakaa chini kuona kama bado wanaweza barabara. "Nilidhani nikikiri magoti, safari imeisha," akasema. "Kumbe kuficha ndiko kulikokuwa kunaimaliza."

Turudi kwenye Neno.

Mhubiri 10:18 inasema juu ya paa linaloinama na nyumba inayovuja, na inaeleza chanzo chake: mikono iliyolegea. Haisemi shetani. Kuna mambo tunayakemea usiku kucha ambayo yanangoja tu tupande ngazi.

2 Wakorintho 5 inauita mwili huu hema. Nimeuhubiri mstari huo mara nyingi kana kwamba maana yake ni hema tu, halina thamani, tutaliacha. Lakini aliyeandika hayo alikuwa fundi wa mahema. Matendo 18:3 inatuambia hivyo. Paulo alijua kitambaa kinavyopasuka na kinavyoshonwa. Anayeishi kwenye jumba la mawe anaweza kusahau paa miaka 20. Anayeishi kwenye hema, au kwenye nyumba ya magurudumu inayotikiswa kila siku, hana ruhusa hiyo. Kuwa mpitaji hakukupi ruhusa ya kutotunza. Kunakudai utunze zaidi.

Je, Mungu anaponya? Ndiyo! Nimeona, ninyi mmeona, sitaacha kulihubiri. Lakini soma 2 Wafalme 20. Mungu alimwahidi Hezekia uponyaji kwa kinywa cha nabii, kisha nabii yule yule akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Ahadi na dawa katika chumba kimoja. Na Luka, aliyetembea na Paulo, alikuwa tabibu, wala hakuna mahali Paulo alimwambia aache kazi hiyo ili imani ionekane.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu kama baba yenu wa kiroho.

Kwanza, kapimwe. Presha mara nyingi haina dalili. Unaweza kujisikia vizuri kama tairi lile la 3516. Usingoje kukwama barabarani.

Pili, kama uko kwenye dawa, usiziache kwa sababu ya ushuhuda wa mtu, hata wangu. Ukiamini umeponywa, rudi kwa daktari akupime. Wale wenye ukoma Yesu aliwatuma kwa makuhani wakathibitishwe. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo.

Tatu, mwambie aliye kando yako. Huenda doa lako si presha. Huenda ni deni la mkopo wa simu ambalo mkeo halijui. Huenda ni pombe, au mtoto wa nje, au mashaka ya moyoni wewe ukiwa mzee wa kanisa. Unalifuta kila Jumamosi usiku ili Jumapili dari ionekane nyeupe. Ndugu, dada, maji hayana haraka. Mwambie mtu kabla fundi hajambandulia dari.

Mimi sasa namaliza mwezi wa nne kwenye dawa. Juzi nilipima 132 kwa 84. Kadi yangu ya kliniki iko mezani, kando ya chumvi tuliyoipunguza, kila mtu nyumbani anaiona. Jumanne asubuhi ukipita kliniki utanikuta kwenye benchi. Nisalimie. Keti nami.

Nimewaomba wazee wa kanisa wanisikilize Ijumaa, kwa sababu ushuhuda ule niliutoa madhabahuni na haitoshi kuurekebisha kwa simu. Watakaloamua nitalipokea. Mniombee.

Tuombe. Baba, umeniona chini ya doa langu na hukunitupa. Mponye binti yako niliyemuumiza kwa ulimi wangu. Mnyooshee mkono na mguu wake. Wape ujasiri wanaosoma haya na moyo unawadunda kwa sababu wanajua doa lao liko wapi. Wape mtu wa kumwambia leo, na wape kupanda ngazi, au unyenyekevu wa kumwomba mwingine apande. Katika jina la Yesu, amina.

Kama umepokea, andika AMINA hapo chini, lakini kwanza umwambie aliye kando yako.

Mchungaji wenu, mshirika mwenzenu wa benchi ya Jumanne.